Kusakinisha Kerneli ya Jupyter kwa Kila Mazingira Pepe

Wengi wanaojifunza kuchambua takwimu hapa Kisumu hukwama mahali pamoja: wamesakinisha pandas, maktaba ya Python ya kuchambua majedwali, bila tatizo, wamefungua daftari la Jupyter, ukurasa wa kivinjari wa kuandikia na kutekelezea msimbo, lakini mstari wa kwanza unajibiwa kwamba moduli hiyo haipo. Ipo, ila daftari linaendeshwa na Python nyingine.

Jupyter, mradi uliochipuka mwaka wa 2014 kutoka IPython, programu ya kuandikia Python amri kwa amri, haiutekelezi msimbo wako yenyewe. Ukurasa unaouona kwenye kivinjari huupeleka kwa programu inayojitegemea, iitwayo kerneli, nayo hurudisha majibu. Jupyter huitambua kerneli kwa faili dogo, kernel.json, linalotaja amri ya kuiwasha, jina la kuonyeshwa na lugha yake. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Tuseme kompyuta yako ina kazi mbili, moja ya omena wanaopimwa ufuoni Dunga na nyingine ya mvua ya Nakuru, na kila moja inahitaji matoleo yake ya maktaba. Suluhisho ni kuipa kila kazi mazingira pepe, yaani folda yenye Python na maktaba zake pekee. Ingia kwenye folda ya kazi ya kwanza kupitia terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha uandike:

python3 -m venv omena
source omena/bin/activate
pip install ipykernel
python -m ipykernel install --user --name omena --display-name "Omena wa Dunga"

Kwenye Windows, mstari wa kwanza huanza kwa python au py, na wa pili huwa omena\Scripts\activate. Kwenye Ubuntu, amri ya kwanza ikigoma, sakinisha kwanza python3-venv kwa apt.

Amri ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Ni lazima itolewe mazingira yakiwa yamewashwa, kwa sababu Python inayoitekeleza ndiyo ambayo njia yake (mahali ilipo kwenye kompyuta) itaandikwa ndani ya kernel.json; ukisahau kuyawasha, utapata kerneli yenye jina zuri inayoelekea kwingine. Chaguo la --user huliweka faili hilo kwenye saraka yako ya nyumbani, ambapo Jupyter yoyote unayoifungua italiona, ilhali --sys-prefix huliweka ndani ya mazingira yenyewe. Kwa kompyuta ya mtu binafsi napendelea la kwanza, kwani Jupyter husakinishwa mara moja tu, na bando linalosalia likatumika kupakua maktaba.

Fungua daftari, chagua kerneli hiyo kwenye menyu, kisha utekeleze import sys na, chini yake, sys.executable. Jibu lisipotaja folda ya omena, washa mazingira na urudie ile amri ya ipykernel install. Ukitaka kuongeza maktaba ukiwa ndani ya daftari, tumia %pip badala ya !pip, kwa kuwa ya pili inaweza kuangukia Python tofauti na ile ya kerneli.

Kwa lugha ya R, washa kwanza mazingira yenye Jupyter, fungua R katika terminali hiyohiyo, utekeleze install.packages("IRkernel") na kisha IRkernel::installspec().

Ukihamisha folda ya mazingira au kuibadilisha jina, kerneli haitawaka, maana kernel.json bado inashikilia njia ya zamani. Vilevile, kuifuta folda hakuliondoi jina kwenye menyu. Tazama orodha kwa jupyter kernelspec list, uiondoe kerneli kwa jupyter kernelspec uninstall omena, kisha uyaunde mazingira upya na kuyasajili.