SOMO: Kupima kama sakulenti adimu (mmea unaohifadhi maji kwenye majani au shina nene) inamalizwa na wang'oaji wanaoitoa porini kwenda kuiuza

Naandika somo hili kwa sababu nimechoka kuletewa picha moja ya mshubiri uliopigwa kwenye miamba ya Mwanza, pamoja na swali lile lile: "Je, huu uko hatarini?"

1. Thibitisha jina la kisayansi kwa ua, si kwa majani peke yake.

2. Weka kwenye ramani kila mahali unapoota, kisha hesabu miraba ya kilomita 2 kwa 2 yenye mmea huo, kama IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga spishi kwa madaraja ya hatari, wanavyofanya.

3. Hesabu mimea iliyokomaa tu. Ikiwa spishi nzima imebakiwa na chini ya 50, hiyo peke yake inaiingiza kwenye daraja la hatari kubwa kabisa.

4. Thibitisha kwamba upungufu umeletwa na ung'oaji. Hatua hii ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa kuwa vilima vyetu vina wapasua kokoto, nyumba zinazopanda mlimani, mbuzi na moto, na kila kimoja huacha alama yake. Mbuzi huacha kisiki chenye mizizi. Mpasua kokoto huondoka na mwamba wenyewe. Moto huacha masizi. Mng'oaji huacha kishimo chenye kingo kali, huku mimea jirani isiyo na soko ikiwa haijaguswa, na mara nyingi utakuta vikongwe na miche vimebaki, ila ile ya ukubwa wa kubebeka imetoweka. Kisha pita kwa wauza maua: mche wa kitaluni huwa na mizizi iliyofuata umbo la kopo, ilhali wa porini una mizizi iliyokatika na makovu ya miaka mingi. Tahadhari: usinunue ili upate ushahidi, maana fedha yako itaagiza mwingine. Tahadhari ya pili: vishimo vya siku moja havionyeshi mwelekeo, hivyo rudia hesabu katika eneo lile lile.

5. Pima upungufu kwa miaka 10 au vizazi 3, kutegemea kipi ni kirefu zaidi. Mmea wenye kizazi cha miaka 15 hutazamwa kwa miaka 45.

MASWALI YA WASOMAJI (kwa maeneo wanakotoka)

Nyegezi: Nimeuona mmoja tu kilimani kwetu. Ni adimu?
Jibu: Rudia hatua ya 2 na ya 3. Kilima chenu si dunia nzima.

Muuza maua, Kirumba: Kwa hiyo sisi sote ni wezi?
Jibu: Sijaandika hivyo, ndugu. Nimeeleza mizizi. Anayeotesha mwenyewe hana la kuogopa.

Kisesa: Shikamoo mwalimu. Mmea ukiwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, si tayari uko hatarini?
Jibu: Marahaba, umeuliza vyema. Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo husimamia biashara ya kimataifa, na hujumuisha hata spishi zisizo hatarini ambazo ni vigumu kuzitofautisha na zilizo hatarini. Mnyaa unaozungushiwa kaya za Usukumani umo humo pamoja na jamaa zake wengine wa jenasi ya Euphorbia wenye mashina manene, ingawa umejaa tele; Aloe vera imeachwa nje, ilhali mishubiri mingine imo.

Kisesa: Ahsante. Na picha zangu nizitume hapa?
Jibu: Zima kwanza kipengele kinachorekodi mahali (location) kwenye kamera ya simu, kwa sababu wang'oaji nao husoma ramani. Taja wilaya tu.

Buhongwa: Chipukizi la mshubiri wangu wa nyumbani linaoza kila nikilipanda.
Jibu: Liache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha lipande kwenye mchanga wenye kokoto, wala usimwagilie siku hiyo.