Jinsi ya kuomba atambuliwe anayekusumbua kwa namba iliyofichwa

Simu inaita usiku, kioo hakionyeshi namba. Unapokea, unasikia mtu anapumua tu, kisha anakata. Shangazi yangu wa Temeke alivumilia hayo wiki tatu bila kumwambia mtu, akiamini namba ikishafichwa hakuna wa kuiona. Sivyo. Imefichwa kwenye kioo chako tu. Kampuni ya simu inayo. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Tanzania mwaka 2019, laini ina jina la mtu na namba yake ya NIDA.

Anza na daftari

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo ombi lako linaposimama au kuanguka. Kwa kuwa namba ya mpigaji huna, kinachoweza kutafutwa ni simu iliyoingia kwenye laini yako siku fulani, dakika fulani. Shangazi alikuwa ameandika "2:14 usiku", akimaanisha saa mbili usiku. Askari akiisoma kwa saa ya kompyuta, ataelewa saa nane ya usiku, na simu itatafutwa mahali isipokuwepo. Tukakaa jikoni tukaandika upya, mstari kwa mstari, kwa saa ya kwenye simu: tarehe, 20:14, sekunde 40, amepumua, hakusema neno. Usifute orodha ya simu zilizoingia, na ipige picha.

Piga 100

Hii ni huduma kwa wateja ya mtandao wako. Eleza tatizo, omba malalamiko yaandikwe, nawe uandike tarehe uliyopiga na jina la aliyekuhudumia. Jina la mpigaji hatakupa. Usimgombeze: taarifa za mteja zinalindwa na sheria, ikiwemo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ulinzi huo huo ndio unaomzuia msumbufu wako kupewa za kwako.

Nenda kituo cha polisi

Beba kitambulisho, simu yenyewe na daftari. Kama kuna vitisho au maneno ya kudhalilisha, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kina mama wengi huongea kwa uhuru zaidi pale. Ombi lako liseme wazi, kwa mfano:

"Nimepigiwa simu kwa namba iliyofichwa kwenye laini yangu, kwa tarehe na saa nilizoorodhesha. Naomba mpigaji atambuliwe kupitia kampuni ya simu na achukuliwe hatua."

Hakikisha unaondoka na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni. RB hailipiwi. Kuanzia hapo polisi ndio wanaoiandikia kampuni ya simu, na majibu hurudi kwao.

Kama namba inaonekana ila huijui

Usibahatishe mtandao kwa tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Wengi huanza kuitumia namba hiyo hela kidogo kwa simu, jina likitokea wanaghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Inasaidia, lakini jina hilo ni la aliyesajili laini, huenda siye anayeongea, kwa hiyo usilitangaze kwenye magrupu. Ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usambaze kwenda 15040, halafu fuata maelekezo utume na namba iliyokutumia.

Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho iondolewe mara moja, kwani ikitumika kumsumbua mwenzako, jina litakalotokea ni lako.

Simu za usiku zikiendelea baada ya kuripoti, usifungue shauri jipya. Ongeza mistari kwenye daftari, uipeleke kituo kile kile kwa RB ile ile.