Somo: Mkono wa kupangia mshono umekwama kwenye cherehani ya zamani

Usiushike kwa koleo mkono huo, ule wa kurefusha na kufupisha mshono. Naanza na hilo kwa sababu juzi nimeletewa Singer nyeusi ya urithi, imekaa uvunguni miaka tisa. Mkono uligoma, kijana wa nyumbani akaulazimisha kwa koleo, ukakatika shingoni. Kilichoukwamisha kilikuwa mafuta tu.

Mtu akikosa mafuta ya cherehani hutia ya alizeti. Hayo yakikaa na hewa hugeuka utando wa njano, mgumu kama gundi. Ya nazi nayo huganda kukiwa na baridi. Asubuhi ya Iringa utadhani mashine imekufa.

Nazungumzia Singer za modeli ya 15 na cherehani za Butterfly zilizofuata umbo lake, zile ambazo mkono ukishuka mshono unakwenda mbele, ukipanda unarudi nyuma.

1. Toa sindano, uzi na bobini. Vua mkanda kwenye gurudumu.

2. Nyuma ya nguzo, ile sehemu ya wima karibu na gurudumu, kuna kifuniko cha duara. Legeza skrubu yake, kisogeze pembeni, mulika kwa tochi ya simu. Utaona fimbo yenye panda iliyokumbatia ekseli ya juu. Ubavuni mwa fimbo kuna kipande kidogo kinachoteleza ndani ya mfereji, na mkono wa nje ndio unaouinamisha mfereji huo. Ugonjwa uko hapo, au kwenye egemeo la mkono wenyewe, pale unapochezea ukiupandisha na kuushusha.

3. Tia matone ya mafuta ya taa sehemu hizo mbili, uache mpaka kesho. Kisha sukuma mkono kwa kidole gumba, juu, chini, hata ukisogea unene wa unywele. Yakianza kutoka maji ya kahawia kama chai ya rangi, furahi: futa, tia mengine, rudia. Mimi imewahi kunichukua siku tatu.

4. Ukiona bado, kausha mafuta ya taa yote, subiri harufu iishe kabisa, ndipo upashe nguzo moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Viwili hivyo visikutane, utaunguza nyumba.

5. Malizia kwa mafuta ya cherehani. Mafuta ya taa huosha, hayalainishi. Jaribu kwenye kipande cha khanga kuukuu.

Maswali

Shikamoo fundi. Mkono wangu umelegea, lakini nikishona unapanda wenyewe na mishono inakuwa midogo.
– Marahaba mwanangu. Sasa umelegea kupita kiasi. Kaza skrubu ya egemeo robo mzunguko, jaribu, ongeza kidogo kidogo mpaka mkono ukae unapouweka.

Naweza kusafishia spiriti? Ninayo ya kutosha.
– Ndani, kwenye chuma kitupu, sawa. Nje usiguse! Maua ya dhahabu ya Singer za zamani yamefunikwa vanishi inayoyeyuka kwa spiriti. Utafuta mara moja tu, yaondoke na kitambaa.

Yangu ni gurudumu zima halizunguki, si mkono peke yake.
– Hilo mara nyingi ni uzi. Laza kichwa cha mashine, toa bobini na nyumba yake, uchungulie pale linapocheza shato, kile chuma kinachonasa uzi wa sindano. Kipande cha uzi cha sentimita mbili kinatosha kufunga mashine nzima. Kitoe kwa sindano, usikivute kwa nguvu.