Somo: Vuli imeingia, tazama mlima kabla hujawasha gari

Wakuu, habari za mihangaiko. Wengi mmeniomba niandike kuhusu mvua za vuli kwa sisi tunaoshinda barabarani kati ya Moshi, Arusha na Karatu. Vitabu vya shule huita vuli yale majira ya Ulaya ya majani kupukutika. Kwetu vuli ni Oktoba mpaka Desemba, na tabia yake ni ya kuvizia. Masika hunyesha kutwa, ukajua moja. Vuli inakupa jua la asubuhi ukaanika nguo, saa tisa alasiri inakupiga na radi.

Hatua ya kwanza: tazama mlima
Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, ukifika kwa Kilimanjaro na Meru unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na unyevu unageuka mvua. Ndiyo maana Kibosho na Machame wanalowa wakati Moshi mjini watu wanatafuta kivuli. Kwa hiyo mvua itakayokudhuru mara nyingi haiko juu ya kichwa chako. Iko kule juu, inakuja kwa miguu kupitia mtoni.

Pia sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema "angalizo", kaa macho. "Tahadhari" imezidi hapo, na "tahadhari kubwa" ina maana safari isiyo ya lazima iahirishwe.

Hatua ya pili: korongo
Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopotezea watu. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo hapa hapa Arusha, upande wa Muriet, watoto wakapoteza maisha. Ile ilikuwa masika, lakini korongo halijui majira.

Mimi mwenyewe niliponea Kisongo. Njia ya vumbi, Novemba, jua linawaka mpaka usukani unachoma mikono. Mlima Monduli ulikuwa umejifunika wingu jeusi, sikuujali. Nikafika kwenye drifti, pale njia inapokatiza korongo bila daraja, kavu kabisa, mchanga mweupe. Ng'ambo mzee mmoja wa Kimaasai akainua fimbo, nikadhani anaomba lifti. Nikasimama nijibu salamu tu. Kwanza likaja povu na majani makavu, kama mtu anafagia. Kisha sauti, kama lori linamwaga kokoto. Dakika chache baadaye pale nilipotaka kupita palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mti mzima unabingirika ndani yake. Tulikaa zaidi ya saa mbili, yeye ng'ambo yake na mimi yangu. Hakuwa anataka lifti.

Ukifika ukakuta maji yanapita juu ya barabara, usimsikilize konda anayesema "ya magoti tu". Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanamwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30, gari dogo linaanza kuelea. Sentimita 60 yanabeba karibu gari lolote, hata hilo lako la kupandia milima. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Sasa piga hesabu ni ndoo ngapi zinakusukuma ubavuni kila sekunde. Halafu hujui kama chini bado kuna barabara. Simama, rudi nyuma mahali pa juu, subiri. Makorongo yetu hujaa haraka na mengi hupungua haraka.

Hatua ya tatu: radi
Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Jibu ni kilomita. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 kutoka ulipo, nawe umo kwenye eneo lake. Ingia kwenye nyumba ya kweli au gari lenye bodi ya chuma, funga vioo. Bajaji haihesabiki. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30 ndipo utoke. Najua wengi hamtasubiri.

Hatua ya nne: ukungu
Ule wa kingo za Ngorongoro ni wingu lenyewe limekaa barabarani. Washa taa za dimu, zile zinazoangaza chini. Fulu inagonga ukungu inakurudia machoni. Hazadi, indiketa zote zikiwaka pamoja, ni za gari lililosimama, maana ukitembea nazo hakuna atakayejua unakata kona. Ukiwa 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo kama unaona mita 30 tu, huo mwendo haukufai.

MASWALI YA WANACHAMA

Bodaboda, Sakina: Mkuu, radi ikinikuta njiani na abiria, nijibanze chini ya mti?
Jibu: Hapana kaka. Mti mrefu ndio unaopigwa kwanza. Vibanda vyetu vya kijiweni navyo havikingi radi. Paki, ingieni dukani au kwenye nyumba yoyote ya matofali. Abiria akilalamika anachelewa, mwambie achague.

Mama wa Kahe: Shikamoo. Huku kwetu hainyeshi lakini mto unafurika usiku. Tutajuaje mapema?
Jibu: Marahaba mama. Mto Rau unashuka kutoka Uru, kwa hiyo mpigie ndugu wa Uru jioni umuulize kama kunanyesha. Mtoni angalia maji yakibadilika rangi ghafla, au vipande vya migomba vikianza kupita. Ukisikia mawe yanagongana, amsha watoto, panda juu. Zimamoto na uokoaji ni 114, bure.

Mwanachama wa Himo: Wanasema aliyepigwa na radi usimguse, ana umeme. Kweli?
Jibu: Si kweli, na imani hiyo inaua. Mwili haubaki na umeme. Kama hapumui, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine atafute usafiri wa hospitali. Mambo ya nani katuma radi yazungumzwe baadaye.

Mwalimu, Usa River: Na simu je, zinavuta radi?
Jibu: Simu ya mkononi haivuti. Chomoa chaja ukutani tu, na TV pia.

Mfanyabiashara wa vitunguu: Natoka Karatu na mzigo kuja Arusha. Asubuhi ukungu, alasiri mvua. Niondoke saa ngapi sasa?
Jibu: Saa nne asubuhi, ukungu ukishaanza kupanda. Uwe umeshashuka ukingo wa Bonde la Ufa na kuipita Mto wa Mbu kabla ya saa nane. Na turubai lifunge huko huko Karatu.