Helmeti na jezi ziwe rangi moja: ninavyofanya
Anza na jezi, helmeti ifuate. Nimepanga sare za timu za futiboli ya Kimarekani kwa misimu kadhaa, na kila nilipoanza na helmeti nilijuta: rangi ya kupuliza huchanganywa upya, kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi hakirudi nyuma.

Omba kipande cha kitambaa chenyewe, si picha ya simu. Mpe fundi wa rangi pamoja na namba ya Pantone (mfumo wa namba za kutambulisha rangi), apulize kwanza kibao cha plastiki, na tabaka la kung'arisha juu yake. Kazi iko hapo. Kitambaa hunyonya mwanga, gamba la helmeti huurudisha, hivyo wekundu uleule huonekana mzito kifuani na mkali kichwani. Mimi huagiza helmeti ikoze kidogo. Kisha linganisha juani, kivulini na chini ya taa za uwanja. Rangi hufanana mchana zikaachana usiku. Lowesha jezi pia, maana jasho huikoza.

Fedha na dhahabu ni ngumu zaidi. Hata Dallas Cowboys, timu ya ligi kuu ya Marekani, fedha ya helmeti yao ina ubuluu, ya suruali za mechi za nyumbani inaelekea kijani. Ukishindwa, chagua helmeti nyeupe, rangi ya jezi iingie kwenye nembo na mstari wa katikati.

Kabla ya kupuliza, muulize mtengenezaji rangi anayoiruhusu. Viyeyushi vingine hudhoofisha gamba la polikaboneti (plastiki ngumu ya helmeti), na kichwa cha mchezaji kimo ndani.