Jinsi ya kufuatilia ukuaji wa yai la samaki-anemoni, toka kutagwa hadi kuanguliwa

1. Jozi na maji. Miamba ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar es Salaam, ni hifadhi, usivue huko. Anza na jozi iliyokwisha kuzoea tangi. Jike ndiye mkubwa. Egemeza kigae cha udongo karibu na anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri ambamo samaki hawa huishi. Maji ya bahari chota bahari ikijaa, na masika yakichachamaa subiri kwanza: mito ya huku Kunduchi ikimwaga tope, chumvi hushuka. Joto liwe nyuzi 27 au 28.

2. Kutaga. Jike hubandika mayai mstari kwa mstari, dume nyuma yake akiyarutubisha. Andika saa papo hapo. Yai ni refu, milimita 2 hivi, limeshikwa kwa nyuzi upande mmoja.

3. Sampuli. Kigae kibaki tangini. Dume huyapepea mayai kwa mapezi na kuyala yaliyokufa. Pampu haimfikii kwa kazi hiyo, na umeme ukikatika yeye yupo. Chukua mayai matano tu kwa kibano, ukishika kwenye nyuzi, uyatie kwenye kisahani chenye maji ya tangi lilelile. Taa ya hadubini hupasha maji joto haraka. Piga picha, zima.

4. Cha kutazama. Mimi sikosi saa za mwanzo, hata kama ni kuchelewa daladala. Kiini cha rangi ya chungwa hakigawanyiki. Kinachogawanyika ni kitone cha seli kilicho ncha moja: 2, 4, 8, kisha huwezi tena kuhesabu. Baadaye seli hizo huteremka na kukifunika kiini, kama kofia inayovutwa hadi shingoni. Siku ya pili utaona macho na vipande vya misuli ya mgongo.

Karibu siku ya tatu moyo unadunda, na kiinitete hujigeuza: kichwa kilichokuwa upande wa nyuzi huhamia ncha iliyo huru. Wanafunzi hudhani wamegeuza kisahani. Hapana, ndivyo kinavyojipanga kutoka. Baada ya hapo chungwa hupungua, madoa meusi huongezeka, damu inaonekana ikikimbia.

5. Kuanguliwa. Ni kama siku ya 7 au 8, maji yakipoa huchelewa. Siku zisikudanganye, tazama macho: yaking'aa rangi ya fedha, ni usiku huo au unaofuata. Hutoka gizani, kwa hiyo zima taa zote, hata ya korido. Rotifa, vijidudu vya majini vya kulisha vifaranga, ziwe tayari mapema, kwa maana artemia, vijikamba vidogo vinavyotumika pia kama chakula, ni kubwa mno kwa vinywa hivyo.