Somo: Kugandisha tui la soya kwa ndimu

Roweka robo kilo ya soya usiku kucha. Fikicha maganda yatoke, saga kwa lita moja na nusu ya maji, kisha kamua kwa kitambaa kama unavyokamua nazi. Chemsha tui dakika 10 tangu lianze kutokota, huku ukikoroga. Linafura povu, kwa hiyo sufuria iwe kubwa. Dakika hizo usizipunguze: soya mbichi ina protini zinazozuia usagaji wa chakula tumboni, na dawa yake ni moto.

Sasa ndimu. Protini kuu ya soya, glisinini, ina vipande sita: mafiga matatu juu ya mafiga matatu. Kwenye tui, ambalo pH yake (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) inakaribia 6.5, protini hizi zina chaji hasi ya umeme, zinasukumana, ndiyo maana tui halijitengi. Moto umeshazifumua, na sehemu zisizopenda maji zimetokeza nje. Asidi ikiingia, protoni zake, yaani chembe zenye chaji chanya, zinafuta chaji hasi kidogo kidogo. Kwenye pH 4.5 hivi chanya na hasi hulingana. Hakuna tena kinachozitenga, zinashikana. Tui lililochemshwa halingoji hata lifike huko, huanza kuganda mapema.

Epua, ngoja lipoe hadi nyuzi 80 hivi. Changanya vijiko vitatu vya chakula vya maji ya ndimu na vitatu vya maji, mimina kwa awamu tatu, kila awamu ukizungusha mwiko mara mbili tu, basi. Ukikoroga sana utapata chenga. Funika dakika 10. Maji yakiwa ya njano na maangavu, tayari. Yakiwa bado meupe, ongeza kijiko kimoja. Chuja, kandamiza kwa jiwe la kilo moja dakika 20.

Maswali

— Shikamoo mwalimu. Niko upande wa Amboni, Tanga, natumia maji ya kisima. Ndimu naongeza na bado tui jeupe.

Marahaba. Huko ni mawe ya chokaa. Maji yanabeba bikaboneti, nayo humeza asidi kabla haijafika kwenye protini. Ule utando mweupe ndani ya birika lako ndio ushahidi. Chemsha maji kwanza, yatuame, tumia ya juu. Au kinga ya mvua.

— Nikizidisha ndimu?

Chini ya pH 3 protini hupata chaji chanya, zinasukumana upya na kuyeyuka. Kwa ndimu za jikoni hutafika huko, utaambulia uchachu tu.

— Dada, kunde je?

Protini yake nayo huganda kwa asidi, ila kunde zina wanga mwingi: ukichemsha unapata uji. Acha tui bichi litulie saa mbili, wanga uzame, mimina la juu polepole, tia ndimu likiwa baridi. Utapata mashapo laini, si donge la kukata kwa kisu. Nayo yapikwe kabla ya kuliwa.